Maziwa Aliyoyaonja Nyogokuru

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia shule ya msingi, na kurasa hizi nimeziandika kwa siku nne, kila jioni nikishafunika cherehani.

Baba yangu ni Mwislamu wa mtaa wa Nyamirambo. Babu yake alitoka pwani na mizigo ya biashara, akaoa hapa. Mama alizaliwa mtaa wa Gikondo kwa Wakatoliki, akasilimu alipoolewa. Nyogokuru, yaani bibi mzaa mama, bado anaishi Gikondo na rozari yake shingoni.

Tangu utoto wangu, nikifika kwake hunipa maziwa ya mgando katika chombo cha mti. Kwanza huonja yeye. Ndiyo desturi ya Kinyarwanda: mwenye nyumba anaonja mbele yako ili ujue hakuna sumu. Akishaonja, nawe ukakataa, ni kama umemwambia humwamini.

Mwaka huu, wiki moja baada ya Idi, nilikwenda kwake mchana. Nilikuwa nafunga zile siku sita za Shawali. Nyogokuru akaonja, akanipa kwa mikono miwili. Nikapokea, nikakaa na chombo mapajani. Nilitaka kusema nimefunga, lakini mjomba alikuwepo na majirani wawili, na mimi mbele za watu huwa nameza maneno. Nikakiweka chini.

"Hunywi?" akauliza.

"Sina hamu, nyogokuru."

Mjomba akacheka. "Mwacheni huyo! Anaogopa maziwa ya Wakatoliki yatambatiza!"

Majirani nao wakacheka. Nyogokuru hakucheka. Alikiokota chombo, akanywa yote taratibu huku akinitazama.

Niliporudi mwezi uliofuata, alinipa soda. Aliifungua mbele yangu kizibo kikalia, kama anavyofunguliwa mgeni asiyejulikana. Tulikuwa wawili tu, nikapata ujasiri.

"Nyogokuru, siku ile nilikuwa nimefunga."

"Mjukuu wangu, usinidanganye. Mama yako aliniletea pilau ya Idi. Mwezi wenu ulikuwa umekwisha."

"Kuna siku sita nyingine. Hizo ni za hiari."

"Za hiari," akasema, akageuza uso. "Kwa hiyo kwa hiari yako maziwa yangu yakakushinda?"

Nilikunywa ile soda yote. Ilikuwa tamu, na sikuitaka.

Baadaye nilimuuliza mwalimu wangu wa madrasa. Akaniambia saumu ya hiari ningeweza kuikatisha kwa ajili ya mwenyeji wangu, tena mama mzee. Basi dini haikunizuia. Na hata kama ningetaka kuimaliza, maneno mawili yangetosha. Nilichokosa ni kufungua mdomo.

Sasa nikiwa kwenye cherehani hunijia harufu ya kile chombo, moshi kidogo na uchachu, na ule utando mweupe unaobaki mdomoni mwa nyogokuru akishaonja. Natamani kuonjewa tena. Kwa baba ninaswali, kwa nyogokuru ninakunywa. Sikuwahi kujiona nusu mpaka siku ya soda.

Ijumaa hii, baada ya swala, nitakwenda Gikondo. Kabla hajaagiza soda nitasema, hata mjomba akiwepo: "Nyogokuru, nionjee." Nimelirudia neno hilo peke yangu mara nyingi.

Wewe unayesoma, kama una bibi wa dini nyingine na ulimuumiza hivi, niandikie ulivyorudi kwake. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote.