Kitwitwi Mwenye Pete

Juzi ufukweni nilimkuta dada mmoja, mtafiti wa ndege, akimvisha kitwitwi pete mguuni. Nilisogea kuitazama ile pete.

Alasiri moja utotoni, shambani kwa bibi kule Msimbu, mtego wangu ulimnasa ndege kama huyo kwenye tope la mpunga. Mguuni alikuwa na pete yenye maandishi. Bibi alipiga yowe: "Huyo katumwa na wachawi! Mchome!" Nilimchoma huku nalia, nikiamini nawaokoa watu wa nyumbani. Harufu ya manyoya yale bado ninayo puani.

"Pete ya nini, dada?" niliuliza.

"Hawa wanatoka Urusi, kaka, wanafuata minyoo pwani maji yakipwa. Maandishi yanamwomba atakayemkuta atuambie kafika wapi."

Alimwachia, akaruka. Sikuweza kutamka: kafika Msimbu.