Mkono wa Kulia wa Mkwe Wangu

Wiki jana nilikwenda wodini Geita kumjulia hali mkwe wangu, mume wa binti yangu, mchimbaji wa dhahabu huko Rwamgasa. Asubuhi hiyo alikuwa ameshonwa msuli wa bega la kulia. "Shikamoo baba," akasema, akinipa mkono wa kushoto.

"Marahaba. Kushoto, mkwe?" nikamjibu, bila kuupokea.

Akaona haya. Akautoa mkono wa kulia kwenye kitambaa kilichoufunga shingoni, akaunyanyua kwa ule wa kushoto, akaniletea. Ukaniponyoka kiganjani, ukaanguka kama gunia. Akacheka: "Wala hauumi, baba!"

Nesi akaja mbio. "Hauumi kwa sababu ya sindano ya ganzi! Mpaka dawa iishe, huo mkono hauna nguvu hata ya kujishikilia."

Kesho yake ganzi ikaisha, maumivu yakaanza. Mishono ya msuli ilikuwa imeachia pale mkono ulipoanguka. Wakamrudisha chumba cha upasuaji. Nami niliyedai heshima nilikuwa nyumbani, nakunywa chai.

Juzi nilirudi. "Shikamoo baba," akasema, na vidole vyake vya kushoto vikaanza kufungua kitambaa. Nikaviwahi, nikavishika kwa mikono yangu yote miwili.