Chini ya Kiti cha Diriye

Ramlo aliacha kufundisha fizikia Garissa akaajiriwa Liboi, kwenye kizuizi cha barabara itokayo mpakani. Wataalamu wa serikali walikuwa wakiunda kifaa cha kunasa mionzi, ili vitu vya nyuklia visipitishwe kwa magendo, na walitaka mtu wa kukijaribu juani na vumbini, aandike kila kinapokosea. Kilikosea sana. Kililia kwa mbolea, kikalia kwa vigae, hata askari wakakichoka.

Asubuhi moja kililia kwa lori la vyuma chakavu. Dereva alikuwa Diriye, kaka wa mama yake.

"Zima hiyo kelele," alisema Koplo Salah. "Huoni magari yalivyojipanga?"

Ramlo alitazama kioo cha kifaa. Safari hii kiliandika sisiamu, madini yenye mionzi mikali.

"Afande, rudisha watu nyuma, hatua hamsini. Abti, shuka!"

"Abti," Diriye akamjibu kwa neno lilelile, kama wajomba wa kwao wanavyowaita wapwa zao, "unanifanyia hivi mbele za watu?"

Lakini alishuka. Ramlo alianzia nyuma, kwenye mzigo, akidhani ndiko penye hatari. Mlio ukafifia. Akasogea mbele, namba zikapanda mbio. Penye mlango wa dereva kifaa kilipiga mlio usiokatika. Akatimua mbio.

"Chini ya kiti chako kuna nini?"

"Kichuma tu, kama kidole. Nilikitoa kwenye mzigo. Kinang'aa, nikakipenda."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

Diriye alikuwa akijikuna paja. Ramlo alihesabu kimoyomoyo saa alizokikalia.

"Mbona unanitazama hivyo?" Diriye aliuliza, sasa kwa sauti ndogo. "Abti, niambie."

Akamwambia kuwa kichuma kile kilikuwa kikimchoma kwa mionzi. Koplo Salah, aliyetaka lori lipite, alivuta kamba ya kuzuia watu. Walisubiri kwenye jua kali hadi alasiri, ndege ya wataalamu ilipotua. Wataalamu walikitoa kichuma kile kwa koleo ndefu, wakakifungia ndani ya chombo cha madini ya risasi, yanayozuia mionzi. Diriye alipelekwa hospitali Nairobi.

Paja lilifanya kidonda, likakatwa nyama mara mbili. Miezi mitano baadaye alirudi kwa mkewe, Asli, akitembelea mkongojo. Udereva aliuacha. Ramlo alipokwenda kumjulia hali, Diriye alimkaribisha chai, wakazungumza habari za mvua na ngamia. Lori halikutajwa.