Bunduki ya Bega Dogo

Ijumaa moja, siku ya mapumziko huku Qatar, baada ya ibada kule Mesaimeer yaliko makanisa ya Doha, rafiki yangu alinivuta kando ya umati uliokuwa ukitoka kanisani akanionyesha picha kwenye simu yake. Lilikuwa bega la mtoto, lenye alama ya zambarau kubwa kama kitumbua. Rafiki yangu huyu ni yaya wa familia moja ya Kikatari inayoishi mtaa wa kitajiri wa The Pearl. Msichana mwenye bega hilo amemlea tangu anatambaa, na wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Ona vile mtoto wangu ameumia," alisema. "Ni hiyo bunduki ya Baba. Kila wiki anampeleka jangwani apige. Akirudi haongei na mtu. Na wewe si ni mtu wa bunduki? Ongea na yeye basi."

Anaposema Baba ana maana ya mwajiri wake. Ndivyo wafanyakazi wa nyumbani huku wanavyomwita mwenye nyumba. Na ni kweli mimi ni mtu wa bunduki. Nyumbani Kenya nilikuwa askari wa wanyamapori, na hapa Doha nafundisha wanawake na watoto kulenga shabaha. Nimeshaona mabega ya kila aina. Niliikuza ile picha nikaona kwamba alama haikukaa begani hasa, ilikuwa imeteremka kwenye nyama ya mkono. Nikajua kitako cha bunduki ni kirefu mno kwake. Mtoto asiyefikia kifyatulio hujipinda, kitako kikamhama, na bunduki ikipiga teke humkuta pabaya.

Nina hasira za karibu, sikatai. "Huyo baba anataka nini kwa mtoto?" nilifoka, hadi mama mmoja aliyekuwa akipita na Biblia yake akageuka kututazama.

"Anampenda sana, na hiyo ndiyo shida," rafiki yangu alijibu, akanieleza yote. Kila majira ya baridi Baba husafiri kusini mwa Afrika kuwinda swala. Mwaka huu alikuwa ameahidi kumchukua binti yake, msichana wa kwanza katika ukoo wao kwenda. Sharti lilikuwa moja tu: ajifunze kwa bunduki ya ukoo, ile ambayo Baba mwenyewe alikabidhiwa na baba yake akiwa na umri huohuo. Lakini mtoto alikuwa ameanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Risasi zilikuwa zinaishia mchangani, na Baba alikuwa ameanza kusema kwamba huenda nafasi ile ikaenda kwa binamu yake wa kiume.

"Akiachwa, hatalia mbele ya mtu," rafiki yangu alisema. "Atalia bafuni na maji yamefunguliwa. Mimi ndio nitamsikia."

Nilimwambia amshawishi Baba amlete mtoto kwenye uwanja wetu wa shabaha Jumamosi asubuhi, na bunduki yake aje nayo.

Walifika watatu: Baba mbele, binti nyuma yake, na rafiki yangu akibeba mkoba wa maji na tende kama vile tunaenda safari ya siku nzima. Baba alikuwa mtu mrefu, mpole, kanzu yake imenyooka bila kunjo. Alinisalimia kwa kuweka mkono kifuani, akanifungulia sanduku la bunduki kwa uangalifu wa mtu anayemfunua mtoto mchanga. Na ilikuwa bunduki nzuri, lazima niseme. Mbao zake zilikuwa zimeng'arishwa na mikono ya wanaume wawili maisha yao yote. Ilikuwa ya kaliba ya .300, ile yenye risasi ndefu na baruti nyingi.

"Ni nyepesi," aliniambia kwa Kiingereza, kwa fahari. "Hata yeye anaibeba kwa mkono mmoja."

"Kuibeba, sawa," nilijibu.

Hapo ndipo watu wengi hukosea, na nimechoka kuwaambia ila sitaacha. Bunduki nyepesi haiwi pole kwa sababu ni nyepesi. Teke la risasi lazima lipokelewe na kitu, na chuma kikiwa kidogo, mwili wa mtoto ndio unaopokea kilichobaki. Mimi nikimchagulia mtoto natafuta bunduki yenye uzito kidogo, kitako kifupi chenye mpira laini mwishoni, na risasi ndogo. Kaliba ya .243 inamtosha kabisa swala, risasi ikiwekwa mahali pake. Wako wanaonishauri nifunge mdomoni mwa mtutu kile kifaa cha kupunguza teke. Kwa watoto nakataa, kwa sababu kinaongeza kishindo, na nusu ya kile mtoto anachokiita teke ni kishindo. Ndiyo maana watoto wangu huvaa vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake, kiangazi na baridi.

Nilimweleza Baba yote hayo. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa wa nchi nyingine.

"Mimi nilijifunzia hii," alisema. "Baba yangu pia. Ilitufanya wanaume."

"Na huyu ni msichana," nilimkumbusha. Rafiki yangu alikohoa kule kwenye benchi, kile kikohozi cha kuniambia nishike adabu.

Nilianza na ile ndogo kabisa, ya .22, ambayo teke lake ni kama kupigwa begani na rafiki. Nilimlaza msichana kwenye mkeka, nikamwekea mfuko wa mchanga chini ya mtutu, nikamwonyesha namna ya kupumua. Alikuwa mwanafunzi wa kujivunia. Mkono ulitulia, jicho likabaki wazi, na matundu kwenye karatasi yakakaa pamoja kiasi cha kufunikwa na sarafu. Nilimpongeza kwa sauti, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu waingie. Baba akatabasamu, akainama, akaitoa ile yake kwenye sanduku.

"Vizuri. Sasa ya kweli."

Msichana aliganda. Kisha akanitazama, akasema kwa Kiswahili safi alichofundishwa na yaya wake, "Anti, hiyo sitaki. Naiogopa."

Nikaelewa kwa nini alichagua lugha hiyo. Katika nyumba ile Kiswahili ni lugha ya kusema mambo ambayo baba hatayasikia. Iliniuma. Baba aliuliza, "Anasema nini?"

Niliwaza haraka. Ningeweza kusema amechoka, au ana kiu, na rafiki yangu alikuwa tayari amesimama na chupa ya maji kunisaidia kudanganya. Lakini mtoto hawezi kufundishwa na watu wazima wanaomficha. Nilimwuliza msichana, "Nimwambie?" Akaitikia kwa kichwa.

"Anasema anaiogopa bunduki yako," nilimwambia Baba.

Uso wake ulibadilika. "Binti yangu si mwoga."

"Sijasema ni mwoga. Nimesema anaogopa. Kwetu tunasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi sitaki kilio hapa." Nilikuwa nimeshapandwa na hasira, lakini sauti niliishikilia. "Hebu mwonyeshe wewe inavyopigwa. Mimi nitakuwekea risasi."

Katika kazi yetu tuna zoezi moja la zamani. Mwalimu humwekea mpigaji risasi bila yeye kuona, na kati ya zile za kweli huchomeka ya bandia, isiyo na baruti. Mpigaji akifyatua ya bandia hakuna mlipuko, na kama ana hofu, mwili wake unaisema. Sikumtegea Baba. Nilimweleza waziwazi kwamba moja itakuwa bandia na hatajua ni ipi. Alikubali kwa kucheka, akalala kwenye mkeka na kanzu yake nyeupe bila kujali vumbi.

Ya kwanza ililipuka, na karatasi ikatoboka karibu na katikati. Ya pili pia. Ya tatu ikalia tik, basi.

Mtutu ulizama. Ulichimba chini kama jembe, na bega lake likaruka kulipokea teke ambalo halikuja. Macho yalikuwa yamefumbwa kabisa. Sote tulimwona, binti yake akiwa wa kwanza.

Nilingoja akasirike. Nilikuwa hata nimeshaandaa maneno. Lakini alibaki amelala, shavu lake juu ya mbao zile nzuri, kwa muda mrefu. Alipoinuka aliketi kwenye mkeka mbele ya binti yake, akamwambia kitu kwa Kiarabu. Kiarabu changu ni cha sokoni, ila hicho nilikielewa, maana alikisema polepole.

"Nami huogopa. Tangu nikiwa kama wewe. Baba yangu aliliona hilo, akaenda kuwinda, akaniacha nyumbani mwaka ule."

Msichana alisogea akakaa karibu naye, magoti yao yakagusana, na rafiki yangu kule nyuma akageukia ukuta na kuanza kupanga upya tende ambazo hazikuhitaji kupangwa.

Nikaleta ile ya .243, yenye kitako kifupi. Nilimpimia msichana begani, kidole chake kikafika kwenye kifyatulio bila kujipinda. Baba aliomba aweke risasi yeye. Nikampa za kweli na za bandia, nikamgeuza binti atazame pembeni, naye Baba akaweka moja.

Msichana alivuta pumzi, akaiachia nusu. Tik.

Mtutu haukusogea. Jicho lake lilikuwa wazi, limetua kwenye karatasi kule mbali, linangoja. Baba aliinama karibu kabisa aone vizuri, akatazama mtutu, akatazama jicho, akatazama mtutu tena.

"Utakwenda," alimwambia.

Msichana alipiga kelele ya furaha iliyopenya vifuniko vya masikio yangu, akamkimbilia yaya wake. Wale wawili wakiwa wamekumbatiana, Baba alinikaribia. Aliniuliza, kwa sauti ya chini ili binti asisikie, kama bunduki ya namna ile inatengenezwa pia kwa kitako cha mtu mzima.

Nikamwambia ipo.