Mbawakawa wa Kabibi

Siku niliyomwona Kabibi mara ya kwanza, mwaka wa 1984, nilikuwa nimepiga magoti ukingoni mwa msitu wa Sokoke, wavu mkononi. Alipita na mzigo wa kuni kichwani, akasimama.

"Baba, huyo unayemwinda atatosha kitoweo?"

Niliinamisha uso. Nilikuwa msaidizi wa Daktari Nduku, mtaalamu wa wadudu kutoka Nairobi. Shule niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu ni mzuri, kwa hiyo nilikausha wadudu na kuwaandikia vibandiko.

Wiki hiyo Nduku alikuwa amepata mbawakawa mmoja mweusi mwenye mstari wa manjano mgongoni. Hakuwa katika kitabu chochote. "Faki, huyu akiharibika hatuna mwingine," aliniambia, akaenda Malindi kwa siku tatu.

Miguu ya meza ya kukaushia ilisimama ndani ya makopo manne ya maji, sisimizi wasipande. Asubuhi moja nilisahau kuyajaza. Nilipokumbuka, zilikuwa zimebaki mbawa mbili na mguu.

Kabibi alinikuta nimejiinamia, akauliza nimefiwa na nani. Nikamwonyesha zile mbawa na makopo makavu. Alicheka hadi kuni zikamwanguka.

"Huyu? Hawa ni walevi wa mume wangu."

Mumewe, Jefwa, alikuwa mgema. Mashapo ya tembo aliyamwaga shinani mwa mnazi wake wa mwisho, unaopakana na msitu. Kesho yake alfajiri Kabibi alinipeleka hapo. Walikuwa saba, wengine chali, miguu ikitapatapa polepole. Watatu walikuwa na pembe.

"Wenye pembe ndio madume," alisema. "Hawana kazi ila kusukumana."

Nduku aliporudi, nilijifanya napanga vibandiko. Kabibi akanisemea.

"Mwanangu, yule wako ameliwa na sisimizi. Faki hakutia maji, na haya imemziba mdomo. Nimekuletea saba."

Nduku alinikazia macho. Kisha akaona pembe, akasahau kunigombeza. Siku mbili aliinamia darubini, akipima, akihesabu vipingili vya papasi, zile nyuzi mbili za kichwani. Yule aliyeliwa alikuwa jike. Pembe za madume ndizo zilizomthibitishia kwamba si aina mpya tu. Jenasi nzima, yaani ukoo wake, ilikuwa bado haijaandikwa.

Kwenye vibandiko niliandika: Sokoke, shinani mwa mnazi, Kabibi Jefwa. Alitaka nimsomee vyote saba, ingawa vilifanana.

Tangu hapo, akinipitia, badala ya hujambo aliuliza, "Maji umetia?" Nami nilikwenda kuyatazama makopo, hata kama nilikuwa nimeyajaza punde tu.

Maelezo ya Nduku yalichapishwa mwaka wa 1986. Ukoo ulipewa jina la msitu, na mbawakawa akapewa jina la Kabibi, likaongezwa herufi mbili za Kilatini mwishoni. Nilimpelekea ukurasa wenye mchoro. Aliugeuza huku na huku.

"Pembe wameichora ndogo," akasema. "Huyu hakunywa kwa Jefwa."

Akaufunga kwenye pindo la leso, akaenda kuwaonyesha wenzake kisimani.

Mwezi uliofuata nilihamishiwa Mombasa. Nilikuwa nimefika barabarani na sanduku langu aliponiita kutoka shambani, viganja kinywani.

"Faki, maji umetia?"