Kushona Bila Kukata

Mimi nimeshona maisha yangu yote, lakini magunia. Kama ulinunua mahindi Kitale miaka ile, huenda gunia lako lilipita mkononi mwangu. Shule niliacha darasa la tatu. Nikabeba mizigo, nikawa mshonaji wa midomo ya magunia, mwisho nikawa na stoo yangu na nyumba ya mawe pale mtaa wa Tuwan. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hivyo sikuwa mtu wa kuambiwa kuna kitu siwezi.

Halafu mke wangu akaanza kupungua.

Ni miaka ile simu za mkono zilianza kushikwa hata na wauza mboga. Alikuwa mwanamke mkubwa, akikaa kwenye kiti unajua kiti kimekaliwa. Tumbo likaanza kumsumbua, chakula kikakataa kukaa. Tulienda hospitali, tukatumwa kwa nyingine kubwa Eldoret, tukarudi na dawa na maneno machache. Daktari alizungumza nami kwa upole. Upole wa daktari mimi nauogopa kuliko ukali wake.

Yeye habari za ugonjwa hakuuliza sana. Aliuliza habari za sare. Akina mama wa kanisa letu walikuwa na mkutano Bungoma mwezi wa nane, na kwa miaka mingi yeye ndiye alikuwa akianzisha nyimbo. Alitaka kusimama na wenzake kwenye mstari, basi, hakuna lingine. Lakini lile gauni la buluu lenye kola nyeupe lilikuwa sasa linamwanguka mabegani. Na sare yao haivaliwi na pini. Mwenyekiti wao alikuwa mkali. Mama mwenye pini anaketi nyuma na wageni.

Nikapima kifua na kiuno chake kwa kamba, nikafunga mafundo, nikapeleka kamba na gauni kwa fundi mmoja wa veranda karibu na soko. Fundi akatandaza gauni, akaweka kamba juu yake, akacheka.

"Mzee, si hii ni nguo ya mama? Na kamba ni ya nani, ya mjukuu?"

"Ni ya mama."

Akaishika kamba tena, akayatazama mafundo. Mwenzake wa pembeni akasimamisha mguu kwenye cherehani. "Ati mama amekuwa hivyo? Si juzi tu nilimwona akiwa—"

Nikakunja gauni nikaenda. Sikutaka mwili wa mke wangu upimwe na macho ya veranda nzima.

Nyumbani aliniona nalo mkononi. "Umerudi nalo?"

"Nitashona mwenyewe."

"Wewe?"

"Si nimeshona magunia ya wilaya nzima?"

Alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. "Haya, bwana magunia. Leta kikapu cha sindano."

Sasa gunia lina sheria yake. Unavuta uzi mpaka mdomo unafunga kabisa, usipovuta mahindi yanamwagika kwenye lori. Nikavuta hivyo hivyo. Gauni likajikunja ubavuni kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Nilipomvisha hakuweza hata kuinua mkono.

"Baba, umenifunga kama mahindi ya kupeleka bohari. Nitapumua na nini?"

"Lakini si imeshika?"

"Imeshika. Fumua."

Basi akanifundisha, yeye amelala kwa ubavu, mimi kwenye kigoda kama mtoto wa shule niliyoikimbia. Avae gauni likiwa limegeuzwa ndani nje. Nibane kwa pini huku na huku, sawasawa, si upande mmoja tu. Nichore mstari kwa kipande cha sabuni. Uzi usizidi urefu wa mkono, ukizidi unajifunga wenyewe. Kwanza mishono mirefu ya kujaribu, halafu ile ya kweli, midogo kama punje za wimbi.

"Usivute," alikuwa akisema. "Uache uzi ulale."

Sindano ile ilikuwa inapotea kwenye vidole vyangu. Nilijichoma, nikatukana, akaniambia nguo ya kanisa haitukaniwi. Lakini mishono ilikaa. Nilipochukua makasi nikate kitambaa kilichobaki ndani ya mshono, akanishika mkono.

"Hapana. Unashona bila kukata. Mwili ukirudi, si unafumua tu?"

Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha kule Malakisi. Nguo ya mgonjwa inapunguzwa, haikatwi. Ukiikata ni kama umemwambia asinone tena.

Nikaacha kitambaa. Lakini wiki haikuisha vizuri, vidole vyangu vikapita tena kati ya nguo na mbavu zake. Nikashona mshono mwingine ndani ya ule wa kwanza. Ukalegea nao. Nikashona mwingine. Nilipika uji wa wimbi, nikatia maziwa, nikatia karanga za kusaga. Alikunywa kijiko akasema asante, kama mgeni anayetaka kuondoka. Siku moja nikiwa kijana nilizuia lori lililokosa breki kwa kulitupia jiwe chini ya gurudumu. Huu mwili sikujua niuwekee jiwe wapi. Kitu pekee nilichojua kufanya ni kushona, na kila nikishona naona ni mimi ninayempunguza.

Tulishuka Bungoma siku moja kabla ya mkutano, tukakaa kwa dada yake upande wa Mabanga. Jioni akataka kujaribu gauni. Nje lilikuwa limekaa vizuri, hata dada yake akapiga kigelegele kidogo. Lakini kitambaa cha ndani kilikuwa kimejikusanya ubavuni, kigumu kama kamba, na yeye sasa hakuwa na nyama ya kukizuia. Akapitisha mkono pale, akapitisha tena. Dada yake akatoka kwenda kutazama jiko.

"Mzee," akasema, "kata."

Nikajifanya sikusikia.

"Kata. Kinaniumiza mbavu."

"Na mwili ukirudi?"

Alianza kufungua vifungo, mimi nikamsaidia kuvua, akanipa gauni mkononi na makasi juu yake. Nilisema kesho asubuhi. Nilisema labda tuweke kitambaa laini katikati. Nilisema fundi wa kweli angejua namna.

"Fundi ni wewe," akasema. "Nataka kusimama."

Nikakata. Kitambaa cha buluu cha huku, kitambaa cha buluu cha kule. Makasi yalikuwa makali, haikuchukua muda.

Kesho yake alisimama kwenye mstari wa mbele, mama mmoja akimshika kiwiko. Hakuanzisha wimbo, alianzishiwa, lakini midomo yake ilikwenda mpaka mwisho. Baadaye mwenyekiti yule mkali akaja, akamtazama bega, akamtazama kiuno, akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Mulembe, dada. Sare imekukaa! Nani alikushonea?"

"Ni mzee wangu."

"Ati mzee? Bana! Akina mama, njooni mwone mwanaume anayeshona!"

Wakaja, wakapiga makofi, wakaniita fundi. Nimependa sifa maisha yangu yote, nasema bila haya. Siku ile niliangalia viatu vyangu. Mkono mmoja niliuweka mfukoni mwa koti, juu ya vile vitambaa viwili, maana tangu jana yake sikuwa nimejua mtu anavitupa wapi.