Mwitikie Kwanza

Nilikuwa na miaka kumi na mitano tuliporudi kutoka Tanzania hadi nchini kwetu, ambako shuleni wanafundisha kwa Kifaransa, na shida zangu zilianza hapo. Hadi leo nikinusa kaki mpya ya sare za shule, namwona mama yangu kwenye ofisi ya shule ya serikali, Magarama. Kwetu Mwakiro, nje ya mji, walikokaa wengi waliorudi kama sisi, shule ilikuwepo, lakini yeye aliitaka hii ya mjini. "Nimechoka kuwekwa pembeni," alisema.

Nikamwamkia mwalimu mkuu: "Shikamoo." Wanafunzi waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko, maana hapa hakuna anayesalimia hivyo.

"Mama, huyu iko mkubwa na hajui Kifaransa," mwalimu akasema. "Mrudishe Mwakiro, kule ndiyo iko wenzake."

"Mwanangu amekuamkia, mwalimu. Mwitikie kwanza, halafu umfukuze."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akaangalia meza yake, akasema "Marahaba" kwa sauti ndogo, kisha akaandika jina langu.

Kifaransa kilinishinda, nikaacha baada ya mwaka mmoja. Sioni haya. Hakuna aliyenifukuza, niliondoka mwenyewe.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Magarama, duka la maharage, ng'ombe wawili na shamba la kahawa.